Maelekezo ya Asukile wa Uyole

Mama Jailos alifika mtaa wa Mlandege, mjini Iringa, asubuhi, kabla baridi haijaachia, amejitanda kitenge juu ya sweta na mkononi ameshika mfuko wa nyanya zilizooza. Hakuzibeba kutoka Ilula kwa kukosa pa kuzitupa. Alizibeba ili zionekane. Ndiyo maana alipokaribishwa sebuleni alizipanga moja moja mezani, juu ya kitambaa cheupe ambacho Faustina alikifuma kwa mikono yake, na ambacho hata mchungaji akitembelea nyumba ile huwekewa kikombe pembeni yake, si juu yake.

"Hizi ni za kwangu," akasema. "Za wenzangu nimeziacha Ilula zinanuka."

Mwalimu Sosthenes Kalinga alizitazama nyanya, akamtazama mkewe Faustina aliyekuwa anakitazama kitambaa, kisha akamtazama mgeni. Alikuwa amestaafu kufundisha Kiswahili sekondari, lakini tai bado aliivaa hata siku ya kwenda sokoni. Alijua mgeni hakumfuata yeye. Alimfuata Juliana, binti yake, aliyekuwa amekaa kwenye kona yake karibu na dirisha, mbele ya kompyuta, mabega ameyapandisha kama mtu anayesubiri kunyeshewa.

Mlandege nzima ilijua kwamba binti wa Mwalimu Kalinga ni mtaalamu wa kompyuta, kwa sababu Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeitangazia. Alisema kanisani, akasema kwa kinyozi, na akasema hata msibani, mahali ambapo watu hawana namna ya kuondoka. Juliana ndiye aliyewatengenezea wauza nyanya wa Ilula mfumo wao. Dalali aliyeko Dar es Salaam huandika mara moja tu kwamba lori linakuja na linataka matenga kiasi fulani, na simu za wanachama wote hulia. Wanachuma kwa kipimo, wanapakia, na nyanya inafika mjini ikiwa bado ngumu.

"Sasa simu zimenyamaza," Mama Jailos alisema. "Lori limekuja, hakuna aliyechuma. Tukachuma kwa kubahatisha, lori halikuja. Watu wananiuliza mimi mwenyekiti, nami sina la kuwajibu."

"Ninalishughulikia, mama," Juliana alisema. "Kampuni inayotupitishia ujumbe imekuwa ikibadilisha taratibu zake mkoa kwa mkoa, na sasa zamu imetufikia. Mfumo wetu unaongea nayo kwa njia ya zamani."

Mama Jailos aliinuka, akaenda kusimama nyuma ya kiti cha binti, kama watu wanavyosimama nyuma ya fundi pikipiki.

"Unaandika nini hapo?"

"Ninauliza."

"Unamwuliza nani?"

"Mtandao, mama. Natafuta kama kuna mwingine aliyepatwa na jambo hili."

Mama Jailos akamgeukia Mwalimu, na Mwalimu akajikuta anarekebisha tai.

"Mimi nilidhani anajua," mgeni alisema, bila ukali wowote, kwa sauti ya mtu aliyenunua gunia la mahindi akakuta pumba upande wa chini. "Haya. Ijumaa tuna mkutano. Kuna kijana wa Makambako anaitwa Ezron, amejileta mwenyewe aichukue kazi hii. Anasema yeye haulizi popote, vyote viko kichwani."

Akaaga. Nyanya aliziacha pale pale. Faustina alikusanya pembe za kitambaa, akazibeba nyanya zile humo kama mtu aliyeokota panya, akatoka nje.

Maisha yake yote ya kazi Mwalimu Kalinga alikuwa mwindaji wa wanaochungulia. Alimjua mwanafunzi mwenye karatasi ndani ya soksi kwa jinsi alivyokaa. Alimjua anayesoma kwenye paja, na anayejifanya anawaza huku macho yamesafiri hadi dawati la jirani. Na sasa mwanawe mwenyewe, aliyemtangaza mpaka msibani, amekamatwa mchana kweupe mbele ya mwenyekiti wa wauza nyanya.

"Kumbe unadesa," Mwalimu alimwambia Juliana, mgeni alipokwisha kufika mbali.

Neno lile la kuibia majibu alilisikia kwa vijana na alilichagua ili limchome binti. Lakini mdomoni mwake lilikaa kama suruali ya kuazima, na Juliana, pamoja na aibu yote ya asubuhi ile, akacheka.

"Baba, hii kazi hakuna mtu anaiweka yote kichwani. Hata mabingwa wanasoma dokumentesheni kila siku."

"Hicho ni Kiswahili cha wapi?"

"Maelekezo. Mtu akitengeneza kitu, anaandika namna ya kukitumia, ili mwingine akija asianze kubahatisha."

"Basi sema maelekezo. Na kama maelekezo yapo, shida yako nini?"

"Kupata yaliyo mazuri."

Mwalimu hakuamini. Alikuwa amesikia visingizio vya kila aina, kikiwemo cha mbuzi aliyekula daftari. Akavuta kiti, akavaa miwani, akakaa kando ya binti yake. "Nionyeshe hayo mabaya," akasema.

Juliana akaanza na ukurasa wa kampuni yenyewe. Ulikuwa na picha ya watu wanaotabasamu wakiwa wameshika simu, na chini yake maneno "Sehemu hii inaandaliwa." Mwalimu akataka kujua inaandaliwa tangu lini. Tarehe ilikuwa pale chini, kwa maandishi madogo, na kwa hesabu ya haraka mtoto aliyezaliwa siku ile sasa angekuwa anajua kusoma.

Akamwonyesha video. Kijana mmoja aliwasalimu watazamaji, akawaomba wabonyeze kengele, akaeleza kwa kirefu kwamba leo atafundisha jambo muhimu, akawasalimu tena. Mwalimu alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia. "Utangulizi umekula insha," alisema. "Futa."

Akamwonyesha baraza la watengenezaji wa programu, ambapo mtu alikuwa ameuliza swali lile lile la Juliana, karibu neno kwa neno. Mwalimu aliinama mbele kwa hamu. Chini ya swali, siku chache baadaye, mtu yule yule alikuwa ameandika: "Nimeshafanikiwa, asanteni." Basi. Hakusema amefanikiwa vipi.

Mwalimu alivua miwani. "Huyu mtu ana wazazi?"

"Wako wengi hivyo, baba."

"Amekula akafunga mlango."

Mwisho akamwonyesha jibu alilopewa na ile programu inayojibu maswali kama mtu. Lilikuwa jibu refu, lenye adabu, limepangwa vizuri, na Mwalimu akalipenda mara moja. Juliana akamweleza kwamba amri waliyoambiwa waitumie haipo. Haijawahi kuwapo. Imetungwa tu, kwa kuwa inafanana na zilizopo.

"Wa namna hii nimewafundisha," Mwalimu alisema polepole. "Hajui jibu, lakini karatasi hairudishi tupu."

Faustina alipotoka jikoni kuwaita wakale, aliwakuta wameinamia kioo kimoja kama watu wanaochambua mchele. Alisimama mlangoni akawaangalia.

"Umeacha kumgombeza?" alimwuliza mumewe.

"Subiri," Mwalimu alisema bila kugeuka. "Tunasahihisha."

Ukurasa wa Asukile waliupata kesho yake, na aliyeuona kwanza ni Mwalimu. Juliana alikuwa anatafuta kwa Kiingereza. Baba yake ndiye aliyemwambia ajaribu kuuliza kwa Kiswahili, si kwa sababu alijua lolote, bali kwa sababu alichoka kutafsiriwa.

Haukuwa na picha wala rangi. Juu uliandikwa jina, Asukile, Uyole, Mbeya, na tarehe, na sentensi ya kwanza ilisema: "Ukurasa huu ni kwa mtu ambaye ujumbe wake uliacha kufika baada ya kampuni kubadilisha taratibu." Kisha ukataja unachotakiwa kuwa nacho kabla hujaanza. Kisha ukaenda hatua kwa hatua, na kila baada ya hatua ulisema nini utaona ukifanya sawa, na nini utaona ukikosea. Mahali pamoja uliandika: "Ukijibiwa 'umetumwa', usiamini. Mimi niliamini, kumbe ulikuwa umetupwa."

Mwalimu aliisoma sentensi ile kwa sauti, kisha akairudia. Katika miaka yake yote ya kusahihisha insha, alama ya juu kabisa aliitoa mara chache sana, na siku zote kwa mtu anayesema jambo lenyewe.

"Huyu amefundishwa na nani?" aliuliza.

Juliana hakuwa anasikiliza. Vidole vyake vilikuwa vinafuata hatua. Ya kwanza ikakubali, ya pili ikakubali, na kila alichoambiwa ataona alikiona. Halafu wakafika sehemu ya mwisho, ya kusajili upya jina la mtumaji, ambayo bila hiyo ujumbe hauendi popote. Pale palikuwa na maneno mawili tu: "Nitaandika baadaye."

Juliana alimwandikia Asukile barua pepe, hakujibiwa. Akaitafuta namba ya simu, haikuwapo. Alijaribu kubahatisha jina la mtumaji kwa namna zote alizoweza kufikiria, na kila mara mfumo ulimjibu kwa furaha kwamba ujumbe umetumwa, na simu ya Faustina iliyowekwa mezani kwa majaribio ikabaki kimya.

"Uyole ni pakubwa kiasi gani?" Mwalimu aliuliza.

"Baba."

"Nauliza tu."

"Mnataka kwenda Mbeya kusoma ukurasa?" Faustina alisema. "Na huo ukurasa si uko hapo kwenye kompyuta?"

"Haujaisha," Mwalimu alisema, na kwake yeye hiyo ilikuwa sababu tosha ya mtu kupanda basi. Tena hakuwa tayari kumwacha binti yake aende peke yake kumtafuta mwanamume wa mtandaoni, hata kama mwanamume huyo anaandika vizuri.

Basi liliwafikisha Uyole mchana, chini ya mawingu mazito. Fundi wa kwanza wa simu waliyemwuliza alimfahamu Asukile, akawaelekeza kwenye kibanda chenye bango la kuchapa, kutoa nakala na kutengeneza kompyuta. Ndani walimkuta kijana mwembamba mwenye kofia ya sufu, ameishika kompyuta ya mtu iliyofunguliwa tumbo. Kando yake mkewe, Bupe, alikuwa anamnyonyesha mtoto.

"Wewe ndiye Asukile?" Mwalimu aliuliza.

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni Kalinga, kutoka Iringa. Huyu ni binti yangu." Mwalimu akarekebisha tai, kwani alitaka kulianza jambo kwa uzito unaostahili. "Tumekuja kwa sababu kuna jambo ulilianza halafu ukaliacha katikati."

Bupe alimtazama mzee mwenye tai, akamtazama msichana, akamtazama mumewe. Akamtoa mtoto ziwani, akafunga kifungo cha blauzi, taratibu.

"Jambo gani, Asukile?" alisema.

Asukile aliiweka kompyuta chini.

"Ni ukurasa, dada," Juliana alisema haraka. "Ukurasa wa mtandaoni. Ule wa ujumbe wa simu. Hakuumaliza."

Ilichukua muda kabla Bupe hajaamini. Alitaka kuuona ukurasa wenyewe, akauona, akausogeza juu na chini, na ndipo alipoanza kucheka. Alicheka mpaka mtoto akamshangaa. "Ndaga, asante," alimwambia Juliana, akijifuta machozi. "Nilikuwa nishaanza kuhesabu nguo zangu za kuondokea, nikidhani wewe ni mwanamke wake."

Waliletewa chai na mbalaga, ndizi zilizopikwa na maharage, na Mwalimu akala na kunyanyua kijiko kidogo kila alipotaka kuuliza. Alitaka kujua kwanza kwa nini ameandika vile, na pili kwa nini ameacha.

"Niliandika kwa sababu ninasahau, mzee," Asukile alisema. "Nikitengeneza kitu leo, baada ya miezi nikikutana nacho tena ni kama kimetengenezwa na mtu mwingine. Kwa hiyo nikawa najiandikia mwenyewe. Kwa Kiswahili, maana kwa Kiingereza nilikuwa nasahau mara mbili."

"Na kuacha?"

Asukile aliangalia mikono yake. "Mtoto alizaliwa. Halafu pia, hakuna mtu aliyewahi kuandika hata neno. Barua pepe yenyewe sikuifungua tena. Nikaona huenda hakuna anayesoma."

"Nilimwambia hakuna anayesoma," Bupe alisema. "Anakaa pale anaandika kama katibu kata, hata senti haingii."

Mwalimu aliweka kijiko chini.

"Mimi nimeusoma," alisema. "Wote. Ile sentensi ya umetumwa na umetupwa nimeisoma hata kwenye basi." Lakini alikuwa na jambo lililomkereketa tangu Iringa na asingeweza kurudi nalo. "Hatua ya pili umeandika 'harafu'. Ni 'halafu'."

Asukile aliinamisha kichwa chini kabisa, kama aliyepewa zawadi na hajui pa kuiweka. Alipokiinua, macho yake yalikuwa yanang'aa. "Nitarekebisha, mwalimu," alisema. Hakuna aliyemwambia kwamba mzee yule ni mwalimu.

Juliana alipomwuliza kuhusu jina la mtumaji, Asukile alikiri hakumbuki hata kidogo. Alifungua ukurasa wake mwenyewe, akausoma kwa makini kuanzia mwanzo kama mgeni, akafika kwenye "Nitaandika baadaye", akajikuna kichwa. Wakakaa yeye na Juliana wakachimbua barua za zamani kati yake na kampuni, mpaka wakaipata: jina lazima liandikwe kwa herufi kubwa zote, bila nafasi katikati, na liombewe kibali upya hata kama lilikuwa na kibali tangu zamani. Mtu asipoomba, hakuna atakayemwambia amekosea. Ujumbe utapokelewa kwa heshima na kutupwa.

Ombi likatumwa. Kisha Asukile akaanza kuiandika sehemu iliyobaki hapo hapo, na Mwalimu akasimama nyuma yake akiuliza. Jina lipi, la mtu au la kikundi? Kibonyezo kiko upande gani? Akishabonyeza, ajuaje kwamba kimeingia? Asukile alijibu, akafuta, akaandika upya. Juliana alitaka kumzuia baba yake, lakini Asukile akampungia mkono.

"Mwache, dada. Huyu hajui chochote. Ndiye ninayemtaka."

Mwalimu Kalinga, ambaye hajawahi kusifiwa kwa namna hiyo, alivuta kiti akakaa.

Jioni walipoagana, kioo kilisema: "Ombi lako limepokelewa." Mwalimu alikitazama kwa mashaka.

"Tusiamini," alisema.

Mkutano wa Ijumaa ulifanyika katika banda la kupakilia nyanya, mabenchi yamepangwa kati ya matenga matupu. Ombi la kibali lilikuwa halijajibiwa. Juliana alikuwa ametazama simu yake mara nyingi kiasi kwamba Faustina, aliyekuja kwa madai kwamba ananunua vitunguu, alimwomba aiweke mkobani.

Ezron wa Makambako alikuwa amevaa viatu vya kung'aa, na alizungumza vizuri. Aliwaambia wamwulize chochote. Wakamwuliza, naye akajibu kabla maswali hayajaisha. Mabenchi yakatikisa vichwa kwa kukubali. Nyuma yao alikaa Mwalimu, ambaye njia nzima ya kurudi kutoka Mbeya alikuwa ametunga hotuba kichwani. Ilikuwa na utangulizi mfupi, hoja zenye mifano, na hitimisho ambalo aliamini lingemfikisha mtu yeyote wa Ilula.

"Juliana," Mama Jailos aliita. "Simama, mwanangu. Nakuuliza mbele ya wenzangu. Mara nyingine hii kitu ikiharibika, utajua kuitengeneza?"

Juliana alisimama. Mwalimu alimwona anavuta pumzi, akatamani kumnong'oneza jibu, yeye ambaye alifukuza watoto darasani kwa kosa hilo.

"Pengine sitajua, mama," Juliana alisema. "Nitatafuta. Na nikikwama nitawaambieni siku hiyo hiyo, mchume kwa kupigiana simu. Safari hii sikuwaambia mapema kwa sababu niliona aibu. Hilo ndilo lililoozesha nyanya zenu."

Minong'ono ikaanza kutoka benchi hadi benchi. Mama Jailos akamgeukia Ezron.

"Na wewe, baba? Siku usipojua utafanyaje?"

"Haitatokea, mama."

Mama Jailos alimtazama kwa muda mrefu, kwa upole, kama anayetazama picha ya zamani.

"Marehemu mume wangu alikuwa hivyo akiwa njiani," alisema. "Hatukuwahi kuuliza njia. Na hatukuwahi kufika arusini kabla wali haujaisha."

Banda likaangua kicheko, na Ezron mwenyewe, tumpe haki yake, akacheka kidogo. Mwalimu akaona huo ndio wakati. Akasimama, akarekebisha tai, akakohoa.

Simu ikalia kwenye benchi la mbele. Kisha nyingine, ndani ya kitenge cha mtu. Kisha zikalia zote, mifukoni, vifuani, ndani ya vikapu, moja juu ya nyingine, mpaka kuku waliokuwa wanadonoa chini ya matenga wakakimbilia nje. Mama Jailos aliisogeza simu yake mbali na macho ili aione, akasoma kwa sauti: "Lori linafika kesho alfajiri. Matenga mia na hamsini. Nyanya ngumu tu."

Hakuna aliyefunga mkutano, na hakuna aliyepiga kura. Watu waliinuka kama walivyokaa, wakaanza kugawana matenga na kuitana kwa majina ya mashamba. Mama Jailos alipita karibu na Juliana akamgonga begani kwa kiganja, bila kusimama, kisha akamwita Ezron amshikie tenga upande wa pili, kwa kuwa ana nguvu na yupo. Ezron akashika, na viatu vyake vikapotea kwenye vumbi. Muda si muda banda likabaki na Mwalimu aliyesimama na mkono kwenye tai, Faustina na vitunguu vyake, na Juliana aliyekuwa anajifuta macho kwa mkono wa sweta.

"Baba, ulikuwa umesimama," Juliana alisema. "Ulitaka kuwaambia nini?"

Mwalimu aliyatazama mabenchi matupu. Hotuba ilikuwapo bado, yote, na mifano yake.

"Nilitaka kuwaambia kwamba unauliza vizuri," alisema.

Juliana akainama akashika benchi upande mmoja. Baba yake akashika upande wa pili, wakaanza kuyarudisha ukutani, moja baada ya jingine.